Siku Ishirini na Nane

Maribor, mwezi wa saba. Mto Drava umelala, kijani,
chini ya daraja, nami nina kofia ngumu nyeupe
isiyo na hata mkwaruzo.
Za wenzangu zina chokaa, zina vibandiko vya timu za mpira,
moja ina jina la binti wa mwenyewe kwa wino mzito.
Yangu inang'aa kama kikombe cha wageni.

"Mwanafunzi," waliniita wiki ya kwanza.
Kisha Neža.
Kisha, nilipofunga nondo tangu asubuhi hadi jioni
na waya ukanichana kidole cha shahada,
Husnija akacheka, akaniita fundi nusu.
Miaka thelathini anajenga nyumba za watu
katika nchi isiyo yake;
ya kwake, huko Cazin,
bado inangoja ghorofa ya juu.

Chuoni nguzo ni mstari
wenye mshale kichwani.
Hapa nguzo ni Senad anayejipenyeza
ndani ya kizimba cha vyuma
kuokota glavu aliyoiangusha,
huku anatukana kwa lugha tatu.

Kazi yangu ilikuwa koni.
Koni ya chuma, tabaka tatu,
kila tabaka nilitwange mara ishirini na tano,
niinue polepole, kama mama
anayemvua shati mtoto aliyesinzia,
kisha nipime zege limeketi kiasi gani.
Likiketi mno, lirudi.
Lisipoketi, lirudi.
Ndivyo kisemavyo kitabu. Kitabu hakijawahi kusimama
juani, nyuzi thelathini na sita,
na lori limekwama saa nzima barabarani.

Alhamisi ile lilifika limechelewa.
Zege zito, limenuna.
Sentimita sita. Zilitakiwa kumi, kwa uchache.
Watu wanane juu ya jukwaa
tangu saa kumi na moja alfajiri.
Dereva akanitazama.
Akautazama mpira wa maji.
Mimi nikalitazama daftari langu.

Sikusema ndiyo.
Niliinama kufunga kamba ya buti
ambayo ilikuwa imefungwa.

Nikasikia maji.

Koni ya pili: kumi na mbili.
Nikaandika kumi na mbili, na hiyo ni kweli.
Ile sita sikuiandika.
Nikajaza kalibu tatu za kupeleka maabara,
nikachora tarehe kwa msumari, mkono imara kabisa,
mkono wa mtu mwaminifu.

Jioni Husnija aliizungushia nguzo magunia mabichi,
akayamwagia maji, akarudia, akarudia.
Nikasema: itakauka lini?
"Zege halikauki, mwanafunzi. Linakunywa.
Unalipa kwa wakati wake, basi.
Ukilipa kabla, linakumbuka."

Mwanafunzi.
Si fundi nusu.
Nililala nikilihesabu neno lile.

Vipande vya maabara huvunjwa siku ya ishirini na nane.
Mafunzo yangu yaliisha siku ya ishirini na mbili,
kwa keki ya jibini, kwa picha ya pamoja
ambayo Senad amefumba macho.

Ujumbe wa mhandisi Zalka ulinikuta foleni ya mkahawa wa chuo:
thelathini na tisa, thelathini na nane, arobaini.
Zilitakiwa thelathini na saba.
*Imepita,* aliandika, na ua dogo la njano.

Nikanunua supu. Nikaketi. Ikapoa.
Maji yakimwagika hayazoleki,
na yale yamo mle ndani,
ndoo ngapi sijui,
yameshika vyuma mkono,
yamebeba ghorofa nne na kliniki ya meno.
Nguzo imenisamehe bila kuulizwa.
Msamaha wa namna hiyo unauweka wapi?

Usiku, kwenye ripoti, ukurasa wa kumi na moja,
juu ya ile kumi na mbili safi,
nikaandika sita.
Bila maelezo. Sita tu.

Profesa Vrabl ameizungushia duara jekundu
na alama ya kuuliza.
Ameniita kesho, saa nne asubuhi.