Sababu Nilizompa Armas

Unaniuliza tena, Armas, theluji ikipiga kioo
na tanuri likikoroma chini ya sakafu:
nilipendea nini *Tarishi wa Sayari*,
tamthilia iliyofutwa miaka thelathini na moja iliyopita,
ambayo chombo chake cha angani, kwa macho yako,
ni ndoo ya kudekia iliyopakwa rangi ya fedha?

Ni ndoo. Sikatai.
Hata uzi ulioining'iniza nimeuona,
sehemu ya nne, dakika ya kumi na mbili,
ukimeta kama ute wa konokono.
Ila ukipenda chongo huita kengeza,
na mimi ile ndoo niliiita safari.

Nilipenda kwamba hawakuwa na bunduki.
Walikuwa na barua.
Watu watano na mashine moja yenye kigugumizi,
wakivuka giza miaka sitini
kumfikishia mtu kadi ya siku ya kuzaliwa.
Nani mwingine angeandika hadithi ya posta
ukatoka jasho la viganja?

Nilimpenda Nahodha Ilse Quarrie
kwa sababu alichechemea na hakuna aliyeeleza kwa nini.
Nilimpenda mpishi, aliyemenya viazi
hata siku nyota ile ilipopasuka dirishani.
"Wakiokoka watakuwa na njaa," alisema,
akaendelea kumenya.

Unakumbuka kazi yangu enzi zile?
Greda la theluji, zamu ya usiku, Thunder Bay nzima imelala,
maghala ya nafaka yamesimama kando ya ziwa
kama majitu yaliyosahau yalichokuja kufanya.
Taa mbili mbele, weupe, weupe, weupe.
Mwanamke peke yake ndani ya chuma chenye joto
akifungua njia ili wengine wafike.
Sasa niambie nani alikuwa angani.

Mama alinirekodia kila Alhamisi.
Kiingereza chake kilikuwa cha dukani tu,
lakini aliandika kwenye kanda, kwa Kifini:
"Taimi, leo yule wa chuma amelia."
Asubuhi nilikula mkate wake wa iliki mbele ya runinga,
buti zikivuja maji kwenye gazeti,
nikatazama yule wa chuma akilia.
Alikuwa amebeba barua ya mzee aliyekwisha kufa.
Akaisomea kiti.
Yote. Hadi salamu za majirani.

Hapo ukacheka, Armas. Nilikusikia kutoka jikoni.
Kigugumizi kwenye roboti! Nani alikitengeneza hivyo?
Sikukujibu. Kaka yangu Reino
alikwama kwenye herufi *k* maisha yake yote,
na sikuwahi kuona kwenye kioo kile
mtu akisubiriwa amalize.

Kisha wakaikata.
Msimu wa pili, sehemu ya kumi na moja:
kifurushi cha mwisho, mlango wa kijani,
mkono wa Quarrie umeinuka kubisha,
na hapo hapo tangazo la sabuni.
Wiki iliyofuata wakatuwekea mpira wa magongo.
Niliandika barua kwa kituo. Nilituma mbili.
Wao, kati ya watu wote, hawakujibu barua.

Basi hizo ndizo sababu, na nyingine nimezisahau,
na moja sikuambii.

Ulinyamaza majira yote ya baridi.
Hadi Jumanne hii, hospitalini, kwenye kiti chako,
mashine ikiichukua damu yako na kukurudishia,
saa ya tatu kati ya saa nne,
ulifumbua jicho moja ukasema:
"Mle kifurushini. Unadhani kulikuwa na nini?"

Nilivuta kiti karibu.
Nilikuwa na majibu kumi na saba, Armas,
nimeyapanga tangu nikiwa na miaka ishirini na sita.
Nikaanza na lile la viazi.