Viti vya Darasa la Kwanza

Watoto wameondoka saa sita.
Vumbi la farasi wa mwisho limetua njiani,
na kengele, ambayo mwaka mzima nimeipiga mimi,
leo imepigwa na upepo, mara moja, bila ruhusa.

Tumeketi uani, Fabricio, mpishi Nibia na mimi,
juu ya viti vya darasa la kwanza,
magoti yametufika kifuani kama panzi.
Hakuna aliyejisumbua kuleta viti vya watu wazima.
Nibia anamimina maji ya moto kwenye kibuyu cha mate:
mrija mmoja, midomo mitatu, zamu kwa zamu,
majani machungu, ndivyo tulivyo sisi wa Uruguay,
hata Desemba, jua likikaanga bati.

“Haya, semeni. Mwaka umetuachia nini?”

Fabricio, mgeni wa kazi, anafunua kiganja:
chaki imekipasua kama udongo wa kiangazi.
Alikuja, anasema, na maandalio ya kurasa mia mbili,
akafundishwa yeye kuzalisha kondoo
na watoto wa darasa la nne, Agosti, topeni.
Tunacheka. Yeye anachelewa kucheka.
“Usiku nilikuwa nalia bafuni.
Nilifungua bomba ili msinisikie.”
“Tulikusikia,” anasema Nibia.
“Maji ya hapa ni ya kisima, kijana. Pampu inanguruma.
Ulidhani ile mikate ya moto ya asubuhi
ilikuwa inajioka?”

Zamu yangu.
Kibuyu kimo mkononi, neno halimo kinywani.
Sauti yangu ilikauka tangu Novemba,
imebaki ya kuagiza tu: keti, funga mlango, futa pua.

Nilitaka kumsema Elbio.
Elbio wa kusinzia kila Jumatatu, shavu juu ya ramani,
mate yakimtoka, yakiongeza ziwa pasipo na ziwa,
nami nikipiga meza kwa rula, pa!
“Hapa si kitandani kwenu!”
Darasa zima likacheka. Nililiacha licheke.
Mei ndipo nilipoambiwa
kwamba saa tisa za usiku yumo zizini, anakamua.
Juni baba yake akapata kazi ya kujenga ua kaskazini,
wakahama Jumapili,
na shule haina mlango wa Jumapili.

Kwenye rejista jina lake limepigwa mstari mwekundu.
Wino wa serikali, mkono wangu.
Daftari lake limo kabatini, ukurasa wa mwisho:
themanini na nne gawanya kwa saba.
Ameandika “kumi na”
kisha kalamu ikateleza, mstari mrefu, mwembamba,
hadi ukingoni mwa karatasi.
Sijauwekea alama. Nitauwekea ipi?

“Sikumtaka radhi,” nasema. Limetoka hilo tu.

Nibia hanifariji. Anaongeza maji.
Halafu, kama mtu anayekumbuka chumvi:
“Dereva wa lori la maziwa anafika kaskazini.
Andika barua. Ua hauna siri, uko wazi shambani,
atamkuta tu.”

Saa kumi basi limewachukua wote wawili.
Nimefua koti langu jeupe, nikamwaga maji mara tatu,
bado yanatoka kama maziwa.
Kwenye kamba upepo umelivaa,
mkono mmoja umeinuka juu, umeomba kutoka.
Nenda, nimeliambia. Nendeni nyote.

Nimeingia darasani kukunja ramani,
nimeandika “Mpendwa Elbio”, nimeandika “mimi”,
na madirisha yalikuwa wazi, na mikaratusi ilikuwa ikinong’ona
jambo refu lisilo na mtihani.

Nimezinduka giza likiwa limeingia,
shavu juu ya milima ya watu wengine,
na kwenye barua, baada ya “mimi”,
mstari mrefu, mwembamba, hadi ukingoni.

Hakuna aliyenipigia meza.