Pumzi ya Kinywa

Asubuhi ya kwanza nilisoma kinyumenyume.
Profesa Abdelshafi aliniacha nihangaike hadi saa tano,
akamaliza chai yake, ndipo aliposema:
"Tazama ndege wanaangalia wapi, Mirit.
Maandishi haya huingiwa kwa mbele, kwenye nyuso."
Kumbe bundi na tai walikuwa wakinikodolea macho
nami nawapita kisogoni
kama mgeni asiyebisha hodi.

Ghala letu liko Luxor, ng'ambo ya magharibi ya mto:
chumba kimoja, feni moja, na mlinzi, Am Sabry,
anayesinzia na funguo chini ya shavu.
Jiwe langu ni la chokaa, ukubwa wa sinia.
Mwenyewe ni Henut, mpika bia.
Nyoka aliyemo katika jina la kijiji chake
amekatwa kati kwa patasi, makusudi,
asije akamgonga katika usiku ule mrefu.

Nilikwisha kusoma habari za miungu yao,
mwenye kichwa cha mbweha, mwenye kushika mizani,
mjane aliyeokota viungo vya mumewe kimoja kimoja.
Vitabu vilinipa picha za ukutani.
Woga wao nilifundishwa na nyoka huyu
wa urefu wa kucha, vipande viwili.

Kisha Henut anaongea, na haongei na mungu.
Anamwomba yeyote apitaye amtajie
mikate elfu, bia elfu, maji;
na hiyo elfu ni yungiyungi moja tu, limechorwa, linatosha.
Hamtapungukiwa kitu, anatubembeleza,
ni pumzi ya kinywa tu.

Pumzi! Hapo ndipo nilipokwama.
Waandishi wao waliandika konsonanti tupu,
mifupa bila nyama. Irabu walibaki nazo mdomoni,
wakazikwa nazo.
Maji ni mistari mitatu ya mawimbi: *m*, *w*.
Katikati sisi wasomi tunachomeka *e*,
*e* ya kuazima, ya kurahisisha mambo darasani,
na kila tukiitamka twajua tunadanganya.
Mwanamke kaomba pumzi,
na pumzi ndiyo iliyodondoka njiani.
Nikafunga daftari.

Ijumaa nilikwenda Naqada kwa bibi.
Bibi Basilia hasomi hata risiti ya umeme.
Nilimkuta kwenye kitanda cha mfumi,
ananong'ona sala ya kuombea mto ujae
kwa lugha ya kanisani, lugha ambayo
hakuna anayenunulia samaki siku hizi.
*Nimou*, mguu ukashuka.
*Nimou*, uzi ukapita.

"Bibi, hilo neno."
"Lipi?"
"Hilo la sasa hivi."
"Maji, mwanangu! Na shule zako zote!"

*Mou.* Mviringo kama beseni.
Sijui kama Henut alilitamka hivyo.
Sauti huhama, Profesa ataniambia,
huvimba, hupinda, miaka elfu kadhaa si mchezo,
naye atakuwa na haki.
Ila hili halikupitia jiwe.
Lilipita kinywa kwa kinywa, wakibatiza, wakizika,
na hakuna aliyejua amebeba nini.

Jumamosi Am Sabry alifungua mlango akipiga miayo.
Nikasimama mbele ya jiwe, upande wa nyuso.
Sikuja kuabudu; Kwaresima nimefunga juzi tu.
Mikate niliitaja kwa *e* yangu ya kuazima,
bia vivyo hivyo, nikiona haya.
Nilipofika kwenye mawimbi
nikalegeza taya, nikamwachia bibi.
"Mou."

Am Sabry akainua kichwa.
"Nani mwenye kiu?
Mjukuu wangu hulia hivyohivyo: imbu, imbu."
Akajikongoja hadi kwenye jokofu la walinzi
akaniletea chupa, ina jasho.
Nikaiweka mezani, karibu na jiwe,
bila kuifungua kwanza.