Ua Lisilo na Ua

Kabla ya kuchora mstari wa kwanza
niliomba kulala kwenye kitanda cha mgonjwa.
Muuguzi Halszka alinitazama kama aliyesikia vibaya,
kisha akatandua shuka, akatandika nyingine.
Kutoka kwenye mto niliona bomba la mvua,
ukuta wa matofali mekundu,
na anga lisilozidi leso.
Ua lisilo na ua hata moja.
Hatua sita kwa tisa, nilizipima kwa viatu vyangu,
theluji ya Machi, hapo Łódź, ikilowesha daftari.

Nilikuja na chemchemi katikati ya mchoro,
maji yachuruzike usiku na mchana.
Mzee Zenon, fundi wa mitambo ya kufuma,
ambaye kiwanda kilimla nusu ya masikio,
aliugeuza mchoro juu chini, akanirudishia.
"Binti, humu tuko wanaume sita, vibofu sita vibovu.
Maji yakitiririka usiku, nani atatuletea chombo?"
Wodi ikaangua kicheko, hata yule wa dirishani
ambaye tangu kiharusi hakuwa ametoa sauti.
Nikaifuta chemchemi.
Hiyo ndiyo dawa ya kwanza bustani iliyotoa,
na haikugharimu hata zloti moja.

Bi Otylia alitaka udongo umfuate alipo,
kwa kuwa yeye hawezi tena kuuinamia.
Basi tuta likasimama kwa miguu minne, kama meza,
magoti yake na magurudumu yakaingia chini,
na mkono wa kushoto, mwanafunzi wa uzeeni,
ukaanza kupanda vitunguu.
Mstari ulikwenda kombo.
"Kitunguu hakijui kombo," alisema. "Kinajua juu na chini."

Mnanaa nikauweka kizingitini,
nguo za wapitao ziupapase,
harufu iingie ndani bila kupiga hodi.
Njia, upana wa viti viwili sambamba:
anayesukumwa nyuma ya mwenzake
huongea na kisogo.
Mhimili wa kushikia, mti. Januari chuma huuma.
Na mtofaa, mmoja tu,
pale ambapo kitanda cha nne kitauona
bila kuinua kichwa.

Ilibaki kona nyuma ya bomba,
ambayo hakuna dirisha linaloifikia.
Nikachora benchi, na ua wa matete.
Meneja akauliza ni ya nini.
Ningemwambia ni mahali pa kulia, angekata fedha.
Niliandika: *stoo ya majembe*.

Mwezi wa tano nilirudi kukagua mifereji.
Chini ya matete niliona viatu vyeupe vya daktari,
ncha zimeelekeana,
na simu sakafuni ikiita, ikiita.
Nikageuka taratibu.
Nikatoa futi yangu mfukoni,
nikajifanya napima mnanaa.