Fomu ya Idadi

Fomu ina safu moja tu yenye maana: idadi.
Naandika sabini na moja
kwa kalamu niliyoipasha kwanza kwapani,
maana Julai, huku juu ya Matamba,
hata wino hugoma.

Kila kichwa, kiasi kilekile,
Makete na Mbeya, mlimani na bondeni.
Ndiyo haki, alituambia afisa kwenye semina,
akachora mizani ubaoni, vitanga sawasawa,
nasi tukapiga makofi, tukanywa soda.

Sikumwuliza kuhusu bati.
Bati la darasa la tatu limetoboka
na tundu lake halijui kama chini wamekaa
watoto tisa au tisini.
Fundi naye hakunipunguzia:
alitaja bei ya paa, hakutaja bei ya kichwa.
Na nauli ya kwenda benki ni ileile
nikifuata kidogo, nikifuata kingi.

Nilimpigia Atupele, niliyesoma naye chuo,
mwalimu mkuu sasa, Mwanjelwa,
wanafunzi elfu moja mia saba na ushee.
Nilitaka kumwonea wivu.
Akacheka kile kicheko chake cha bwenini, kisha akakikata:
"Sanga, mimi nina vichwa, sina pa kuviweka.
Dawati moja wanne, wa tano kasimama,
zamu yake ya kukaa ni baada ya mapumziko.
Choo kimoja kwa..."
Mtandao ukapotea.
Sikupiga tena. Salio lilikuwa dogo, aibu kubwa.

Enesia Tweve hasikii sikio la kushoto;
la kulia anasikia kama mtu aliye ng'ambo ya bonde.
Fomuni ni mmoja.
Mapacha wa Luvanda, wenye sweta moja kwa zamu,
fomuni ni wawili,
ingawa daftari la mahudhurio, wiki za baridi,
humwona mmoja.

Mwaka jana walikuja kuhakiki siku ya viazi.
Gari lilifika saa nne. Wakahesabu hamsini na wanane,
wakapiga muhuri.
Kumi na watatu walikuwa kilimani, shamba la mtu,
wakichimba kwa malipo ya debe
wapate hela ya madaftari
ambayo hela yao ingeyanunua.
Nilionyesha kwa kidole: wale kule,
vile vidoti vyekundu ni masweta yao.
Kijana wa takwimu alikaza macho, kwa heshima kabisa.
"Mwalimu, siwezi kuhesabu vidoti."

Aliyenitangulia aliijua dawa.
Aliongeza tisa, akawapa majina mazuri,
mmoja wao akamfikisha hadi darasa la nne.
Wanafunzi hewa, wakasema wakaguzi. Wakamhamisha.
Mimi simlaani. Huku hewa ndiyo tuliyo nayo kwa wingi,
na chaki walioinunua wale tisa
iliandika kweli.

Nami naitazama moja yangu.
Ukiivuta mkono kidogo juu, huwa saba.
Sabini na saba: bati, misumari,
labda na fundi nusu siku.
Nimeishika kalamu mpaka imepoa.
Nimeiacha moja, moja.

Nje rimu ya lori imegongwa.
Wanashuka njia ya mipareto, juu ya sakitu,
wakirukaruka kama waliokanyaga makaa,
Enesia nyuma, akiwafuata wenzake kwa macho
kwa sababu kengele haikumfikia.
Hela inahesabu vichwa.
Baridi inahesabu miguu.

Chini ya fomu kuna sanduku la maoni, mistari miwili.
Nimeandika:
*Tunaomba mje kuhesabu Julai, saa moja asubuhi,
mkiwa mmevua viatu.*

Maandishi yangu ni madogo, yametosha mstari mmoja.
Wa pili nimeuacha wazi,
wa jibu.