Kalenda ya Duka la Pembejeo

Usiku wa mkesha, taa ya sola ikififia,
Ondeyo ameitungua kalenda msumarini
kabla siku zake hazijaisha,
maana Kavosa anataka karatasi ngumu ya kujalidi vitabu vya Januari
na pesa ya karatasi imekuwa pesa ya chumvi.

"Ngojeni," nikasema. "Tuusome kwanza."

Tukaulaza mwaka mezani, kando ya sinia la unga.
Jogoo, aliyefungwa kwenye mguu wa meza hiyohiyo,
akanyoosha shingo kama shahidi.

Picha ya juu ni ng'ombe wa watu:
kiwele kama gunia, macho ya aliyeshiba.
Wetu anaitwa Jumatano, siku tuliyomnunua.
Duara jekundu Februari: daktari wa mifugo.
Duara Machi. Duara Mei.
Tulikuwa watu wenye imani kubwa na ng'ombe tasa.

"Na hapa?" Kavosa, kidole juu ya mkato.
Mvua ya mawe. Iliipiga chai ikabaki vijiti.
"Na hii namba?"
Ya dereva aliyempeleka nyanya yako Mbale usiku ule wa nyonga.
Alikataa nauli, akasema mtanilipa mbinguni.
Nyanya, kwenye kiti chake, macho amefumba:
"Mlipeni hapahapa. Mbinguni hakuna chenji."

Tukacheka. Kisha ukurasa ukajigeuza.

Juni.

Juni ni nyeupe. Hakuna aliyeshika kalamu.
Asava alirudi kutoka hospitali na shuka lililokunjwa mara nne,
na tukajifunza jinsi nyumba ya watu saba
inavyoweza kukaa bila hata kikohozi.
Amelala nyuma ya migomba,
upande ambao jua la asubuhi hufika kwanza.
Ondeyo alipachagua mwenyewe, kwa jembe lake.
Ningeandika nini? Niliipita Juni kila siku nikienda jikoni
kama mtu anayempita mdai.

Sasa Asava anaichomoa kalamu sikioni mwa baba yake.
Anatafuta tarehe kumi na nne.
Anaandika polepole, herufi sita, ndogo, zikitosha ndani ya kisanduku.
"Mideva," anasema. "Tumboni nilimwita hivyo."
Hakuna aliyesema amina.
Nyanya alinyoosha mkono tu, akailainisha karatasi
kama anayemfunika mtu.

Yaliyobaki tuliyasoma upesi.
Agosti: magunia matano, mahali pa kumi na moja.
Novemba: Mudola kapata kazi ya kudumu Naivasha, kwenye maua;
yuko njiani usiku huu na mfuko wa mchele,
na soda, akijaliwa.
Septemba: Jumatano ameshika mimba, hatimaye, mkaidi yule.
Ondeyo akahesabu kwa vidole, miezi tisa,
akafika, akanyamaza, akahesabu tena.
"Atazaa Juni," akasema.

Mimi si wa kusimama kanisani kushuhudia.
Wenzangu Marafiki husimama, kanga zikiwaka, ngoma ikiwaitikia;
mimi hukaa na kufanya hesabu.
Ya mwaka huu haitoki. Nimejumlisha, nimetoa, nimekopa kwa jirani,
haitoki.
Lakini leo alfajiri nimejikuta nafagia njia
toka mlangoni hadi barabara kuu,
mawe nikiyatupa pembeni,
kama mwenye mgeni.
Kesho, wanasema, anazaliwa mtoto
kwa watu waliokosa chumba.
Kimoja kipo hapa. Kimefagiliwa.

Mkasi umepita. Machi ni Hisabati, Agosti ni Sayansi.
Ng'ombe wa watu amepewa Kiswahili.
Juni Asava amekataa ikatwe; nyanya ameikunja
akaitia ndani ya Biblia yake, hakusema ukurasa gani.

Ukutani umebaki msumari, mtupu.
Ondeyo ameugonga kwa kisigino cha kiatu, mara moja,
kisha akautingisha.
Haulegei.