Bei ya Jioni

Nyamizi katoa albamu.
Nimeipata kwa bando la shilingi elfu moja,
nimesimama kona ya Kirumba ambako mtandao hushika,
nyuma yangu mizani, mbele yangu viroba vya dagaa
vinavyosubiri lori la Kongo.
Nyimbo tisa. Kaiita Bei ya Jioni.

Nikacheka peke yangu.
Asubuhi sangara ana kiburi, hashikiki;
saa kumi na mbili, jua likiangukia upande wa Sengerema,
muuzaji ndiye anayekuita kaka, anayekuita mheshimiwa,
na barafu inalia chini ya meza.
Ana miaka thelathini na minne, Nyamizi.
Kajitajia bei mwenyewe kabla hawajamtajia.

Tulikuwa wanne. Jina la bendi lilibadilika kila harusi.
Bwire kinanda, Magafu ngoma za kuazima kanisani,
mimi gitaa, yeye sauti.
Tulipiga sendofu Igoma, kipaimara Nyakato,
na msiba mmoja Pasiansi, tukalipwa wali.
Mwaka wa sita akasema, "Nataka kuimba yangu."
Hakugombana na mtu. Alikunja waya wa maiki
kama mtu anayerudisha kamba ya jirani,
akashuka mawe ya Mabatini, viatu mkononi.
Nilisema atarudi.
Nilisema hivyo mpaka nikauza gitaa.

Wimbo wa kwanza una vinanda vingi mno.
Wa pili utapigwa kwenye bodaboda zote mpaka Pasaka.
Wa tatu nimeuruka.
Wa nne anamwimbia mama yake, aliyeponda kokoto Isamilo
chini ya mwavuli uliobaki mbavu,
na fundi ameiacha nyundo yenyewe ishike mapigo,
ko, ko-ko, ko,
nikaweka kiroba chini.

Wa tano una mluzi wangu.
Naujua kama mtu anavyokijua kiatu chake
mlangoni mwa watu.
Niliupiga mwaka ule wa umeme wa mgawo,
tumekaa juu ya jabali, mji wote giza, Bugando tu inawaka.
Sasa unapigwa na filimbi ya mashine
na jina langu halipo. Nimetafuta.
Mtunzi, yeye. Mpangaji, mtu wa Nyegezi, simjui.
Shukrani: Mungu, mama, saluni moja ya Nera.

Nikatukana. Mzee wa mizani akauliza nimeibiwa nini.
Utaenda kituoni useme umeibiwa mluzi?
Na tusidanganyane, nami niliuokota Magu,
kwa manju mmoja aliyekuwa akiwaita wacheza majembe wake
warudi kunywa maji.

Wa tisa hauna ala.
Sauti yake na chumba, basi,
Kisukuma nusu, Kiswahili nusu, kama anapekua sanduku.
Ukaisha. Nikanyoosha kidole nizime.
Zikabaki sekunde saba, nane, za ukimya wenye kelele,
ukimya wa simu ya zamani, korongo wanagombana juu ya bati,
halafu mtu anakohoa.

Kikohozi cha vumbi la dagaa,
kikavu, mara mbili, kinamalizikia puani.
Mke wangu hukitambua kutoka ng'ambo ya barabara.
Na sauti ya Nyamizi, mbali na maiki:
"Haya, kunywa maji. Tuanze tena."
Imekatwa hapo. Hakuna tena.

Fundi yeyote angekifuta. Ni kubonyeza mara moja.
Aliyekiacha alizuia mkono wa mtu.

Lori limefika. Viroba sitini na viwili.
Nimepakia arobaini hivi na waya sikioni,
nikirudia mwisho ule tu, mpaka bando likaisha.
Bado nina hasira, kidogo, ya wimbo wa tano.
Gitaa lile lipo Igogo, kwa kinyozi, limetundikwa kama pambo.
Kesho nitapita kuuliza bei.
Jioni.